Askari Wawili wa Gunia la Mahindi

Sijawahi kumsamehe mtu aliyeamua kwamba mistari miwili ni habari njema. Simjui, hanijui, pengine ni mtu mwema anayependa watoto wake, lakini siku nikikutana naye atanisikia.

Kazi yangu ni kutengeneza vipimo vya sumu katika chakula cha watu na cha mifugo. Maabara yetu ilikuwa mtaa wa Kawangware, kituo cha 56, ghorofa ya pili, chini yetu hadiwea ya rangi na misumari na kando yetu saluni, kwa hivyo nikifungua dirisha nilinusa rangi ya ukuta na nywele zilizochomwa kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo tulipotengeneza kikaratasi chembamba, ndani ya kijumba cha plastiki, cha kupima aflatoksini, ile sumu inayoachwa na kuvu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Unasaga mahindi, unachota kijiko kimoja, unatikisa na maji ya dawa, unadondosha matone, unangoja dakika tano. Ikitokea mistari miwili, mahindi ni safi. Ukitokea wa juu peke yake, kuna sumu. Sumu huikamata rangi njiani, basi mstari wa chini unakosa cha kuuchora. Ndivyo kemia inavyotaka, na kemia haibembelezwi.

Nilitaka kipimo hicho kifike kwa kina mama wanaopika na kuuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja. Viwanda vya unga vina maabara zao. Mimi nilitaka kifike mtaa wa Laini Saba, kwenye kibanda cha mama yangu kando ya reli, mahali ambapo fundi wa mjengo anakula sahani moja mchana na hiyo ndiyo siku yake imeisha.

Na nilikuwa na sababu. Mama alitoka Kitui. Dada yake mdogo alifia huko nyumbani, macho ya manjano, tumbo limevimba. Watu wakasema amerogwa. Bibi mmoja jirani akanyooshewa kidole, na mama yangu akakataa kumsalimia bibi huyo utoto wangu wote. Niliposoma chuoni habari za mahindi yenye kuvu, nikamweleza. Akaendelea kuchambua maharagwe. Mwezi uliofuata alipanda basi na kilo mbili za sukari kwenda kuomba msamaha, akakuta bibi ameshazikwa. Alirudi na ile sukari.

Basi mtu asiniambie mimi kipimo hiki ni cha wataalamu.

Bosi wangu alikubali jaribio shingo upande. Tuligawa vipimo kwa kina mama wanane, wengine Laini Saba, wengine mtaa jirani wa Kianda, mama yangu akiwemo. Niliwafundisha siku nzima. Niliwaonyesha kutumia bambo, kile chuma cha kuchomea gunia: choma juu, katikati, chini na pembeni, maana punje moja inaweza kuwa na sumu na jirani yake haina. Wakaitikia, "Sawa, daktari wa mahindi," wakicheka. Nikarudi 56 nikijisifu.

Siku ya tatu mama akanipigia simu, sauti imejaa raha.

"Mahindi yangu hayana kitu! Mstari mmoja tu!"

"Mum, umesema mmoja?"

"Mmoja, safi kabisa. Saa hii yanachemka."

"Umeuza?"

"Bado hayajaiva. Kwani ni nini?"

"Mwaga! Mwaga yote, nakuja!"

Nilitoka na koti la maabara mwilini, nikachukua bodaboda. Nilipofika alikuwa amemwaga kweli, na amenikasirikia kweli. Nikaenda Kianda kuangalia wengine. Huko mama mmoja wa kutoka Magharibi alikuwa na magunia mawili. La kwanza lilitoa mistari miwili, akapiga nduru, akalipeleka kwa kuku, maana kwetu mahindi mabaya hayatupwi, ni ya kuku. La pili lilitoa mstari mmoja, akaliweka la watu. Wiki hiyo kuku wa Kianda walikula vizuri kuliko watoto wa shule. Na hata hilo la kuku ni makosa ambayo nimechoka kuyasema: mpe ng'ombe mahindi yenye sumu, sumu itarudi na maziwa, na wewe utaikoroga kwenye chai yako asubuhi ukimshukuru Mungu.

Nilifungua mdomo kumgombeza. Akanikata.

"Wewe, si umezaliwa hapa hapa? Kipimo cha mimba cha kemisti, mistari miwili, imeshika. Kile cha kliniki cha kutoboa kidole, miwili, unacho kirusi. Leo unakuja na koti jeupe kutuambia miwili ni raha? Tangu lini?"

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Mimi mwenyewe nilishawahi kusimama kwenye choo cha ploti, cha wapangaji wote, mlango nimeuzuia kwa mguu, kipimo cha mimba mkononi, nikaangalia mistari miwili na kulia. Miaka ya chuo ilikuwa imenisahaulisha macho yangu mwenyewe.

Jumatatu bosi alisoma ripoti yangu mbele ya wafanyakazi wote. Kati ya kina mama wanane, sita walikuwa wamesoma kinyume. Akavua miwani.

"Tatizo si kipimo," alisema. "Tatizo ni watumiaji. Hawa watu hawawezi. Tutauzia viwanda, basi."

Hawa watu. Nilisimama hata kabla sijajua nimesimama.

"Bosi, hawa watu ni mama yangu."

"Usilete mambo ya nyumbani kazini."

"Nyumbani ndiko wanakokula hiyo sumu! Sita kati ya wanane wakikosea mlango, kosa ni la mlango."

Bosi akavaa miwani tena. Akanipa wiki mbili. Baada ya hapo angekuja mgeni kutoka kwa wafadhili, na mradi wa kina mama ungefungwa mbele yake.

Nilijaribu kugeuza kemia yenyewe, mstari uote sumu ikiwepo. Nikachemsha bongo wiki nzima. Nilipata kikaratasi kilichoota mstari kwa kila kitu, mahindi safi, mahindi mabovu, hata maji ya mfereji. Nilikitupa kwenye pipa, nikalipiga pipa teke, na kidole cha mguu kinaniuma mpaka leo kukiwa na baridi.

Jumamosi nikaenda kwa mama, nimenuna. Alikuwa anachambua mahindi kwenye ungo. Nikamweleza tena, polepole: wa juu, mstari wa kuthibitisha, huota kila mara, kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Wa chini sumu huufukuza. Alisikiliza mkono ukienda.

"Unakumbuka ile ploti tuliyokaa Kawangware?" akauliza. "Landlord aliweka askari wawili getini. Siku yule mmoja alipotoroka kwenda kulewa, asubuhi mitungi yote ya gesi haipo."

"Nakumbuka. Na yetu ilienda."

"Basi si ni hivyo? Hawa ni askari. Wakiwa wawili, lala. Mmoja akitoroka, mwizi ameingia. Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Ati mstari wa kuthibitisha! Nani anapika mstari wa kuthibitisha?"

Aki, nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumatatu nikampelekea bosi mchoro: askari wawili wadogo wenye kofia na rungu, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja amesimama kando ya mstari wake.

"Hii ni sayansi au katuni?" akauliza, akanirudishia karatasi.

Nilishuka ngazi, nikavuka barabara, nikaingia saiba, duka la kompyuta, nikachapisha stika za wale askari. Sikuomba ruhusa. Nilizibandika mwenyewe kwenye vijumba vya vipimo, moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, nikawapelekea wale wanane. Wote wanane wakasoma sawa. Yule wa Kianda alinipigia kuniambia askari wake mmoja ametoroka, na hata kuku hawapati kitu.

Bosi alipojua alifoka, akanionyesha mlango. Nikamwambia nitautumia huo mlango nikimaliza, kwanza aje Laini Saba na mgeni wake, waone kwa macho. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alitaka nianguke hadharani.

Walikuja saa nne asubuhi, mgeni na suti yake, bosi na chupa sita za mahindi aliyoyaandaa maabara. Mama aliziangalia zile chupa, akazisukuma pembeni.

"Hayo siyo ninayopika. Tutapima yangu."

Alivuta gunia jipya, zima, lililotumwa na kaka yake kutoka Kitui. Sikuwa nimelipima. Nilimkonyeza aache, akajifanya hanioni. Akachoma bambo juu, katikati, chini, pembeni. Akasaga, akatikisa, akadondosha. Dakika tano hapo kando ya reli ni ndefu. Wateja walikuwa wamesogea, fundi mmoja wa magari wa jua kali na nyundo yake, na jirani mwenye kuku.

Askari wa juu alitokea. Wa chini hakuja.

Bosi alimtazama mama, anangoja akosee. Lakini ni mgeni aliyeinama kwanza, akaweka kidole kwenye plastiki.

"Mstari mmoja," akasema, ameridhika. "Kwa hivyo ni safi."

"Mzee," mama akamwambia, "askari ametoroka na wewe unasema ni safi? Huoni kofia yake iko peke yake, mstari hakuna?"

Watu waliangua kicheko. Mgeni aliangalia tena, safari hii kwa makini, na shingo yake ikabadilika rangi. Bosi akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namwangalia mama, na mama alikuwa anaangalia gunia. Hilo ndilo gunia pekee alilokuwa nalo. Kaka yake alilivuna kwa mkono.

"Mama, nipe mimi basi," jirani mwenye kuku akasema. "Si ni kuku tu."

Mama hakumjibu. Alienda kwa yule fundi wa jua kali, akachukua mkebe wa oili chafu ya gari bila kuuliza, akarudi, akaimwaga yote ndani ya gunia, akichanganya na bambo mpaka mahindi yakawa meusi na hakuna mtu wala kuku angeyataka. Alipomaliza akamgeukia bosi.

"Shule niliachia darasa la tatu," akasema. "Hiyo nimeisoma. Wewe andika."

Na bosi akaandika. Nilimwona, kalamu mkononi, amesimama karibu na reli na viatu vyake vyeusi vimejaa vumbi. Alimwomba mgeni asogee kidogo ili anakili vizuri wale askari wawili.

Mama alipangusa mikono kwenye leso, akawasha jiko, akaweka maharagwe peke yake. Kisha akaniambia niache kusimama hapo kama nguzo ya stima, nikamtafutie mahindi mengine kabla ya saa sita, na nisithubutu kumletea gunia ambalo sijalipima.