Siku Milqueya Alipowakimbia Trafiki

Kituoni kwetu pale Barahona, mji wa pwani, waendesha bodaboda wanawake hawakuwa wengi; alikuwa mmoja tu, Milqueya Féliz, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia kwamba anajikokota. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, mwenye pikipiki nyekundu aliyoiosha kila asubuhi kabla hajanywa kahawa.

Siku ya sikukuu ya Bikira wa Rozari alimpakia mzee Telésforo, mpiga tromboni wa bendi ya mji. Maandamano yalikuwa karibu kuanza, na mzee alikuwa amechelewa. Kwenye kona ya barabara ya pwani wakakuta trafiki wamepanga koni. Askari akanyoosha mkono. Leseni ya Milqueya ilikuwa imeisha siku kumi na moja nyuma, naye alijua. Akapunguza mwendo kama mtu anayetaka kusimama, kisha akavuta mafuta.

"Simama, binti yangu," mzee alimwambia sikioni. "Nimechelewa, lakini kuishi sijachoka."

"Shika tromboni yako, mzee wangu. Na mimi unishike."

Askari wawili wakadandia pikipiki yao wakamfuata. Aliingia nao sokoni, akapenya kati ya mafungu ya ndizi, akakata kichochoro cha mafundi viatu, akateremka ngazi tisa za nyuma ya kanisa huku mzee akitaja watakatifu wote anaowafahamu. Alipopita kituoni kwetu kama risasi, sisi, nakiri, tulimshangilia kama mchezaji wa besiboli anayekimbilia alama ya mwisho kufunga pointi. Ambacho hatukukiona ni kilichotokea kona iliyofuata: mama mmoja alikuwa akivuka na mtoto kwenye kigari. Milqueya alipita ubavuni mwao, nafasi ya kiganja tu.

Askari wakampoteza. Mzee akawahi bendi yake, ila midomo ilimtetemeka hata noti ya kwanza ikamtoka maandamano yameshafika mtaa wa pili.

Mchana ule Milqueya alitusimulia mara nne, na kila mara ngazi ziliongezeka. Jirani yake Belkis, ambaye ni wakili, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Leseni iliyoisha ni faini tu, dada. Ungelipa ukaenda zako," alimwambia. "Sasa umekaidi amri ya askari, umeendesha kwa hatari, umemhatarisha abiria wako. Na yule mtoto angeguswa, leo mimi na wewe tungeongea kupitia nondo."

"Lakini hawakunishika."

"Namba yako wanayo. Kukukosa si kukusamehe."

 Baadaye Milqueya alikiri kwamba kile kigari kilikuwa kimemkaa kichwani tangu asubuhi, na kule kusimulia kote kulikuwa ni kukifukuza tu. Kesho yake akaikokota pikipiki kwa mkono, injini imezimwa, hadi kituo cha polisi. Kituo kizima cha bodaboda tulimsindikiza.

Mahakamani mzee Telésforo aliitwa kutoa ushahidi. Tulidhani atamfichia. Mzee akavua kofia.

"Nilimwambia asimame," alisema. "Hakusimama."

"Mzee anasema kweli," Milqueya akaitikia, kabla hajaulizwa.

Hakimu alizingatia kwamba alijileta mwenyewe na kwamba hakuna aliyeumia. Hata hivyo alimtoza faini, akamzuia kuendesha kwa miezi sita, pikipiki ikabaki mikononi mwa polisi muda huo wote, na akampa kazi ya kuvusha watoto mbele ya shule. Akamwonya kwamba akirudia ni jela.

Ile kazi aliifanya kwa moto uleule. Nilimwona kwa macho yangu akisimamisha lori la miwa kwa kidole kimoja, na dereva, jitu la mabega mapana, akaomba radhi.

Miezi ilipoisha alikuwa na leseni mpya mfukoni, naye akatukuta tumejipanga langoni kwa polisi. Pikipiki ilitoka imejaa vumbi, betri imekufa, mnyororo una kutu. Tukaisukuma. Injini ikakohoa, ikakataa. Tukaisukuma tena, ikakataa. Mara ya tatu ikanguruma, Milqueya akapiga ukelele uliofungua madirisha ya mtaa, na sisi watu wazima na ndevu zetu tukakimbia nyuma yake tukipiga vigelegele.