Mishale Miwili ya Otieno

Sisi tuliosoma kabla simu hazijajua kila kitu tunaikumbuka chaki. Mimi naikumbuka ikinukia pamoja na omena, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa nje ya darasa letu pale Usenge, mchana ule Mwalimu alipochora mayai mawili makubwa ubaoni akatangaza kwamba tunaanza fankisheni. Tulijua tumekwisha.

Kumbe haikuwa ngumu. Yai la kushoto aliliita domeni, ndimo vinamokaa vyote vinavyoruhusiwa kuingia. "Kwa mashine ya kusaga unapeleka mahindi, hupeleki kokoto," alisema. "Kokoto haiko kwa domeni." Kila cha kushoto unakichorea mshale kwenda kulia, na vile vinavyofikiwa na mishale ndiyo renji. Viwili vinaweza kwenda mahali pamoja, haina shida. Lakini kimoja hakiwezi kwenda mahali pawili, wala kukosa pa kwenda. Akatoa mfano wa mtoto na mama yake, darasa likaharibika, kwa sababu baba wa nusu yetu walikuwa na wake wawili watatu na wote tuliwaita mama. Mwalimu akafuta, akasema basi tuchore watu wa nyumbani na mahali wanapolala.

Nikachora. Baba na Mama, nyumba kubwa. Mimi na wadogo zangu watatu, sisi wanne, nyumba ya nyanya yetu, Dani. Kaka yetu mkubwa, Otieno, kwenye simba yake, kile kijumba cha kijana karibu na lango. Nilipata tiki, nikajiona profesa.

Wiki hiyo hiyo Otieno alienda ziwani na wenzake wawili, mashua isirudi. Walitafutwa hadi watu wakachoka, zikapatikana mbao mbili tu. Kwetu mtu aliyemezwa na ziwa asipoonekana, huzikwa yago badala yake, tunda refu, zito, la mti wa jina hilo. Wazee walilifunga kwa blanketi la Otieno wakalishusha kaburini, na Mama akalililia lile tunda kama mwanawe. Baba akatuambia, "Sasa amelala. Msimwite tena." Jioni nilifuta mshale wa simba nikachora mwingine hadi kaburini. Fankisheni ilibaki sahihi kabisa, na hilo liliniogopesha kuliko kilio.

Miezi minne ikapita. Saa nane mchana, jua linachoma, nachambua omena uani, nikaona mtu langoni. Amekonda, hana viatu. Mbwa wetu alimtazama tu, hakubweka. Akaniita kwa jina la utani ambalo Otieno peke yake alilitumia, na sauti ilikuwa ya Otieno.

Baadaye tulielezwa kwamba upepo uliwasukuma hadi visiwa vya Uganda, wenzake wakafa maji, naye akaugua huko bila mtu wa kumjua. Siku ile hakuna aliyeuliza. Mama alitoka, akamwona, akaangalia kaburi, akamwona tena. Akarudi ndani kinyumenyume akafunga mlango. Nilitaka kukimbia nimkumbatie kaka yangu, nilimpenda sana, lakini niliinama nikaendelea kuchambua omena. Baba akamwambia kwa upole, "Kijana, simama hapo hapo. Aliye humu ndani tumeshamlilia."

Wazee walikaa siku nzima. Yago likishazikwa halifukuliwi, wakasema, na aliyezikwa hapiti lango. Wakamjengea nyumba nje ya ua. Nilikuwa nikimpelekea chakula, na kabla ya kumtazama usoni nilitazama kwanza chini, kama ana kivuli. Alikuwa nacho. Kesho yake nilitazama tena.

Nilimpelekea Mwalimu daftari, nikamuuliza kitu kimoja kikiwa na mishale miwili inakuwaje.

"Hiyo si fankisheni. Ondoa mmoja."

"Upi, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa mtu wa hapo hapo Usenge, na mazishi alihudhuria. Alinirudishia daftari, akageuka kufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Siku hizi nafundisha hesabu hapa Kisumu. Wanafunzi wangu hupiga ubao picha, simu inawapa domeni na renji kabla sijaweka chaki chini, nao wanadhani wamesoma. Wanaandika ile sheria ya mshale mmoja huku wakitafuna chingamu, na kusema kweli nawaonea wivu. Enzi zetu somo liliingia polepole na halikutoka tena.

Baba na Dani walishatuacha. Baada ya Baba kuzikwa, Otieno alipita lango na hakuna aliyemzuia. Ana mvi sasa. Mama haoni tena, na ni Otieno anayempikia, anayemwogesha, anayenipigia simu kila Jumapili na kumshikia Mama sikioni. Mama hunisalimu, huulizia wajukuu, kisha hufunga kwa maneno yale yale: "Nimewaombea watoto wangu wote wanne." Halafu kwenye simu namsikia Otieno, taratibu, akisema amina.