Nyuki Wenye Miiba na Nyuki Wasio Nayo

Nyuki wa aina mbili nimewajua vizuri kuliko nilivyotaka. Askari wa Mjerumani walipokwisha kuchoma maghala yetu, mimi na mama mkwe tulijificha msituni, nyuma ya milima ya Matogoro. Mume wangu alikuwa ameshauawa vitani. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, na maziwa yalikuwa yamenikauka.

Kwanza tuliwategemea nyuki wadogo, wale weusi wasiouma. Hukaa kwenye tundu la mti na kukung'ang'ania machoni ukiwasogelea, basi, hawana ubaya mwingine. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, na tundu zima halijazi kiganja. Kwa ajili ya kiganja hicho tulizunguka toka asubuhi hadi jua kuzama. Nilichoka hata kumbembeleza mtoto nikaona kazi.

Nyuki wakubwa walikuwa karibu tu, ndani ya mninga wenye uwazi, na asali ya kujaza chungu. Lakini asali yao hairinwi bila moshi, na moshi ungewaleta askari.

"Dawa imebaki," mama mkwe alisema siku moja, akatoa kibuyu cha yale maji ya vita, yaliyosemwa huzuia risasi. "Nitajipaka, nirine bila moshi."

"Mama, mwanao alijipaka, na risasi zikampata."

"Zilimpata kwa sababu ninyi wawili mlivunja mwiko. Mimi mjane, nimeuvunja na nani?"

Nilikasirika. Wapiganaji walikatazwa kulala na wake zao, na kwake yeye kila kifo kilikuwa kosa la mke fulani. Nilimwacha aende. Kusema kweli, ile asali niliitaka.

Alirudi na masega mawili makubwa, uso umevimba hata macho hayaonekani. Hakuonja. Alisema, "Kula, mwanangu, maziwa yarudi," kisha akajilaza chini. Alikata roho kabla jua halijafika utosini.

Nililia, na huku nalia nilikula. Nilitema miiba, nikaendelea kula. Kesho yake maziwa yalitoka, mtoto akanyonya mpaka akasinzia. Ndipo nikaenda kumchimbia mama kaburi, nalo lilikuwa la kina kifupi, maana nilikuwa nimechoka.