Mbuzi Ambao Hawakuwa Bandani

Kazi yangu huku Eldas ni kuzibua visima vya zamani: kushuka, kuchota tope, kupanga upya mawe ya ukuta. Si kazi ya sifa, na ukuta uliochoka unaweza kumzika mtu. Kwa hiyo sishuki bila kusali.

Mwaka ule wa kiangazi kirefu nilishuka katika kisima cha mzee mmoja mfugaji, Mwislamu wa rika langu. Yeye alibaki juu akivuta ndoo. Nilikuwa kina cha watu wanne, tope magotini, mara ndoo ikasimama katikati ya safari.

"Fundi! Banda!" akaita.

Banda letu la magunia lilikuwa karibu na mdomo wa kisima, na humo niliacha unga wangu. Nikajua mbuzi wake wameingia kuula.

"Wafukuze, mzee!"

"Banda, wallahi! Banda!"

"Si uwafukuze tu! Mimi niko kwenye tope huku!"

Changarawe ikanimwagikia shingoni. Nikadhani ni mguu wake umeteleza, nikainama tena. Akaita mara ya tatu, sauti imepasuka. Nilipoinua macho nilimwona amelala kifudifudi mdomoni mwa kisima, mikono ikiparua hewa kama mtu anayekwea ngazi. Ndipo nikakumbuka kwamba ulimi wake wa Kisomali huitamka p kama b. Alikuwa akisema panda.

Juu ya kichwa changu jiwe kubwa lilikuwa limetoka nusu ukutani, na vishimo vya kukanyagia vilipita ubavuni mwake. Hapakuwa na njia nyingine. Nikasema, "Bwana, nishike," nikaanza kupanda nimezuia pumzi. Nilipolipita, bega langu lililikosa kwa upana wa kiganja. Mzee akanidaka mkono, akanivuta. Hatujasimama, ukuta ule ukaporomoka wote kwa kishindo.

"Nakuambia banda, wewe nasema fukuza!" akafoka, machozi yakimtoka. "Nifukuze nani? Malaika?"

Nilicheka.

Lakini mifugo yake ilikuwa haijanywa. Kesho yake tulifunga kamba kiunoni mwangu, tukakubaliana kwamba kukiwa na hatari atasema "toka". Nikashuka kwa jina la Bwana, yeye akashika kamba kwa Bismillahi yake, nami nikatoa mawe yaliyoporomoka, masikio yakiwa juu. Siku nzima hakulisema neno hilo.