Handaki la Kutoka Rubwera

Ma Jovitha wa Nyabiyonza hakuwahi kumheshimu mtu anayecheka kabla hajamaliza kusema, na Polikarpi, fundi wa kompyuta kutoka Kihanga, alikuwa wa namna hiyo. Siku zahanati ilipoita watu kuonyeshwa mtambo mpya, alimtazama akipuliza kipaza sauti mara kumi, akajisemea moyoni: debe tupu.

Yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuna harusi wala msiba Nyabiyonza uliopikwa bila mkono wake, na mjane asiye na mtoto, kama yeye, hana jina jingine la kumsimamisha. Jina hilo alililinda. Kila dawa zilipokaribia kwisha aliaga kwamba anakwenda kumsalimia dada yake Rubwera, akapita mbele ya zahanati ya nyumbani bila kugeuza shingo, akapanda bodaboda, kisha hiace, kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwenye zahanati ya pili ya shirika lililoendesha hii ya nyumbani. Aliwajua majirani zake. Walikuwa wamehudhuria semina zote na kula posho zote, na bado wangekisugua kwa majivu kijiko alichokigusa.

Polikarpi alianza somo lake.

"Barabara ya intaneti ni ya watu wote, kama hii ya kwenda Rubwera. Wezi wamo. Sasa sisi tumeweka VPN, yaani handaki letu wenyewe ndani ya barabara hiyo hiyo. Ruta ya hapa na ruta ya kule zinatambuana kwanza kwa ufunguo wa siri. Kule taarifa inavurugwa isisomeke, inapita, ikifika hapa inapangwa upya. Mwizi akiidaka njiani, amedaka takataka!"

Watu walipiga makofi. Ma Jovitha aliinua mkono.

"Samahani, mwanangu. Ikishapangwa hapa, anaisoma nani?"

"Wahusika tu, mama."

"Akina nani hao?"

Fundi akacheka, kama kawaida yake. "Mama, hayo ni ya kitaalamu. Tuachie sisi."

Umati nao ukacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Adventina, wifi yake, mhudumu wa mapokezi. Basi huyo ndiye mhusika! Mdomo ambao haujawahi kufungwa hata kanisani ndio uliokuwa umekalia mwisho wa handaki. Ma Jovitha aliazimia kumwona mganga mfawidhi mkutano ukiisha, faili lake lifichwe.

Hakupewa nafasi. Polikarpi alikuwa ameelekeza projekta kwenye ukuta mweupe. "Sasa mwone kwa macho! Natafuta mtu wa Nyabiyonza mwenye faili Rubwera."

Mgeni angesamehewa. Huyu alizaliwa Kihanga, akalelewa Kihanga, na anajua kama mtoto yeyote wa huku ajuavyo: anayeipita zahanati ya mlangoni kwake akatibiwe wilaya jirani, ana sababu, na sababu hiyo haiulizwi. Lakini mtu akishashika kipaza sauti, akili ya nyumbani inamtoka. Akabonyeza.

Jovitha. Kliniki ya tiba na matunzo. Majina ya dawa. Mwaka alioanza. Yote ukutani, herufi kubwa kama tangazo la mnada wa ng'ombe.

"Mnaona? Papo hapo! Na salama kabisa!"

Mganga mfawidhi alikimbia kuziba projekta kwa mkono, lakini waliojua kusoma walikuwa wamekwisha kuwasomea wasiojua. Ma Jovitha alisimama, akakaza kitenge.

"Umemaliza, fundi?"

Polikarpi alitazama ukuta, akatazama watu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko. Ma Jovitha akatoka bila kuharakisha.

Juma hilo mzee Kahigi alifariki. Ma Jovitha alichukua kisu chake akaenda kumenya ndizi, maana msibani mtu haalikwi. Kina mama walimwitikia salamu kwa adabu, kisha mikeka ikaanza kusogea, mmoja mmoja. Adventina akaleta sufuria ndogo. "Ma, usijichoshe na mafungu ya wengi. Zako pikia humu." Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kuliko siku alipopewa majibu.

Alipika. Alitia maharage na chumvi kwa kipimo chake cha siku zote. Wakati wa kula, Polikarpi, aliyekuja kuzika kama wengine, alipita na sahani, akavutwa na harufu, akaifunua ile sufuria ndogo.

"Hizi za nani?"

Mtu akamnong'oneza. Fundi akarudisha kifuniko polepole, akafuta vidole kwenye suruali, akaenda kupanga foleni kwenye sufuria nyingine. Msomi mzima, anaogopa ndizi!

Ma Jovitha alijipakulia sahani ikajaa, akaketi mahali ambapo kila mtu angemwona, akala taratibu mpaka akaimaliza. Kisha akapakua tena.