Betri ya Runinga na Matanga ya Jirani

Aliyesababisha binti yangu aitwe mwongo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nalisema wazi kwa sababu katika kila sherehe yeye husimulia, huku akicheka, kwamba runinga yetu ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu.

Miaka hiyo ya tisini nilifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Kakamega, lakini nyumba yetu ilikuwa upande wa Khayega, ambako umeme ulikuwa haujatufikia. Runinga ilitumia betri ya gari. Kila siku ya soko shemeji aliifunga betri kwenye baiskeli, akaipeleka kuchajiwa penye kinu cha unga. Jumamosi alasiri watoto wa majirani walijaa sebuleni kutazama kipindi chao cha masomo: hesabu za kuimba, wanyama, majaribio ya sayansi. Binafsi nilikithamini kuliko taarifa ya habari.

Muhula mmoja wapiga picha wa kipindi hicho walifika shuleni kwa binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu. Alichaguliwa kueleza jinsi mbegu ya haragwe inavyoota katika pamba yenye maji. Akawatangazia watoto wote kwamba angeonekana kwenye runinga. Siku ya kuonyeshwa ilipofika aliketi mbele kabisa, amevaa sare ya shule.

Wimbo wa kufungua ulipokwisha, picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni. Mtangazaji aliitaja shule yao. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Shemeji, betri hii si imetoka kuchajiwa juzi?" niliuliza.

"Ilichajiwa vizuri. Ila jana niliwapa wale wa matanga kwa jirani, wapige muziki kidogo."

"Bila kuniuliza?"

"Sasa shemeji, ungemnyima marehemu?"

Kwetu hakuna anayeunyima msiba kitu, naye alilijua hilo vyema. Watoto walikuwa wameshaanza kutoka.

"Hukuwa ndani, wewe! Haragwe gani?"

"Mwongo wa tivii!"

Kipindi kile hakikurudiwa. Jina hilo lilimfuata binti yangu hadi alipomaliza shule ya msingi, na mwalimu wake aliniambia kwamba alikuwa ameacha kunyoosha mkono darasani.

Waliomzomea sasa ni watu wazima, na bado huhudhuria sherehe zetu. Kwa hiyo ninamtaka shemeji yangu, katika sherehe ijayo, asimame mbele yao, aeleze ni nani aliyeitoa betri na kwa idhini ya nani, kisha amwombe binti yangu radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Maelezo ya kutumia mjumbe hayatapokelewa.