Wembe wa Lotukoi

Hakuna mzazi wa Ngaremara aliyeombea mwanawe arithi kazi ya Lotukoi. Yeye alikuwa mchanjaji wa wauaji. Mturkana akiua adui, haruhusiwi kuingia kwake wala kubeba mtoto mpaka Lotukoi amchinjie mbuzi, ampake taka za utumbo wa mbuzi huyo, kisha amchanje bega: la kulia kwa mwanamume aliyeuawa, la kushoto kwa mwanamke. Lakini kwanza muuaji hukaa chini akasema yote: nilimwona hivi, nikamchoma hapa, akalia hivi. Wengine walitapika kabla ya kumaliza. Lotukoi aliwangoja.

"Mkuki una adabu," alizoea kusema. "Unakulazimisha umsogelee mtu mpaka unuse jasho lake."

Mwaka wa 1980 bunduki zikaingia kutoka mpakani, zikauzwa kwa ng'ombe. Mwaka uliofuata vijana kumi na wawili, Ewoi mwana wa Lotukoi akiwa mmoja wao, walivuka mto Ewaso Nyiro kwenda upande wa Merti kwa Waborana, wakarudi na ng'ombe themanini na nyimbo tele. Mzee alinoa wembe, akafunga mbuzi, akakaa nje ya boma kuwasubiri. Walimpita kama mti. Ewoi akaingia moja kwa moja kwa mkewe Nakiru, akampakata mtoto wao wa wiki tatu.

"Ewoi! Weka mtoto chini! Umeua?"

"Sijui, Apa," Ewoi alimwambia baba yake. "Sisi tulikuwa juu ya kilima, hao wako chini, mbali, wadogo kama mbuzi. Tukapiga sisi wote. Nani atajua risasi ni ya nani?"

"Mlienda kuangalia?"

"Kuangalia nini? Ng'ombe ilikuwa huku."

Basi mzee mzima akaenda kuangalia mwenyewe, siku mbili kwa miguu, kitambaa cheupe kwenye fimbo. Huko alimkuta Abduba, Mborana aliyekuwa akiuza mifugo pamoja naye sokoni Isiolo kabla mambo hayajaharibika. Alikuwa ameketi kando ya kaburi bichi, mkuki mapajani. Hakuunyanyua.

"Ni Kabale, bibi yangu," Abduba alisema. "Alikuwa anachota maji. Mzee Lotukoi, mimi sitaki ng'ombe. Nipe jina tu. Nani ameua mama ya watoto yangu?"

Kwa miaka arobaini hakuna damu iliyomwagwa na watu wa Lotukoi ambayo yeye hakumjua aliyeimwaga. Aliona haya hadi akatamani ule mkuki umchome yaishe.

"Nitakuletea jina," alisema.

Akarudi, akawaita vijana mmoja mmoja. Kila mmoja alisema labda ni mwenzake. Wa mwisho alikuwa Ewoi.

"Apa, labda si mimi."

"Labda?"

"Hiyo labda inanitosha. Mimi nalala vizuri."

Na kweli alilala vizuri, na hilo ndilo lililomvunja mzee moyo. Wale aliowachanja walikuja wakitetemeka, lakini walikuja. Huyu hakuwa na la kutapika.

Asubuhi Lotukoi alimchinja yule mbuzi, akajipaka, akaketi chini peke yake. "Alikuwa anachota maji," alisema kwa sauti. "Anaitwa Kabale." Kisha akajichanja bega la kushoto. Akamtuma mchuuzi wa chumvi kwa Abduba ampelekee jina: Lotukoi.

Jibu lilirudi baada ya wiki. "Mwambie nimesikia. Lakini muuaji si yeye."

Vijana walicheka. Mzee amerukwa na akili, walisema. Yeye alibaki nje ya boma, kwa maana mwiko ni mwiko: muuaji hutakaswa na mkono wa mwingine, na mkono ulioijua kazi hiyo ulikuwa wake tu. Mkewe alimpelekea chakula huko huko. Nakiru alipomletea mjukuu ambariki, mzee alificha mikono mgongoni.

"Subiri nitakaswe kwanza, mama."

"Na nani, Apa?"

Ewoi alikuwa ndani akipaka bunduki mafuta.

Ukame wa 1984 ulimkuta pale pale nje, ukamchukua. Mjukuu wake alikuwa na miaka mitatu, anakimbia, na hakuwahi hata siku moja kumshika babu yake mkono.